Mkanda wa marehemu baba bado uko ndani ya kamera, nifungue?

Swali limetoka kwa binti mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu baba nikakuta kamera yake, Pentax K1000, iko kwenye mkoba wake wa ngozi ndani ya kabati. Nilivuta ule mkono wa juu nikabonyeza, ikalia, na kile kinamba kikaruka toka 22 kwenda 23. Baba aliacha kuitumia kama 2004 hivi. Jirani anasema mkanda ulioko ndani umeshakufa, nifungue nitupe, na kamera yenyewe atanipa elfu hamsini. Nifanyeje? Na je, mimi naweza kujifunza kupiga picha na kamera kama hii?"

Marahaba binti yangu, na poleni kwa msiba hata kama ni wa siku nyingi. Sasa kabla hujasoma mstari mwingine: usifungue mgongo wa hiyo kamera. Usivute kile kitufe cha juu kushoto hata kwa kuchungulia sekunde moja, na kama una wadogo zako nyumbani wanaopenda kuchezea vitu, iweke juu ya kabati. Kamera ni chuma, inakusubiri. Mkanda hausubiri, na ndio wenye thamani hapo, sio kamera.

Nakuambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilishafanya huo ujinga. Miaka ya tisini nilikuwa kijana wa kazi kwenye studio fulani, bosi katoka kwenda kuswali, mteja kaleta kamera yake kasema mkanda umeisha usafisheni. Mi nikajua umeisha maana yake umesharudishwa kwenye kopo lake, nikavuta mgongo pale pale kaunta mchana kweupe. Nikaona ile rangi ya kahawia inang'aa. Nilifunga haraka lakini wapi. Ilikuwa harusi ya dada yake. Tulipousafisha zile picha za mwanzo zilitoka vizuri tu, bibi harusi anapakwa hina, anasukwa, wamama wamekaa mkekani wanacheka, halafu ukiendelea mbele inaanza kuingia weupe pembeni, weupe unazidi, mpaka ikawa hakuna kitu. Ndoa yenyewe ikaondoka yote. Sababu ni kwamba mkanda ukishapigwa unajiviringisha upande wa kulia, picha za kwanza zinakaa ndani kabisa na za mwisho ndo zinakuwa juu, kwa hiyo mwanga ukiingia unakula za mwisho kwanza. Yule mteja hakunipiga, alikaa tu kwenye benchi akaangalia chini, mi nilitamani anipige.

Kwa hiyo ukifungua wewe, zinazoondoka ni zile za mwisho alizopiga baba.

Tuje kwenye namba. 22 maana yake kwa makadirio baba alishapiga picha 22, wewe umeongeza moja bila kujua (usijali, hiyo haijaharibu kitu, labda utakuta picha ya giza au ya dari la chumba chako). Lakini namba peke yake haithibitishi kwamba mkanda upo, ile K1000 namba inatembea hata kama ndani hakuna kitu. Cha kuangalia ni kile kitufe cha kushoto chenye mkono mdogo wa kukunja. Kunjua ule mkono mdogo taratibu (kitufe chenyewe usikivute juu, utafungua mgongo), uzungushe kidogo sana kufuata mshale wake. Ukisikia unakaza, kama unavuta uzi uliofungwa mahali, mkanda upo. Ukizunguka tu bure bure bila kukaza popote, basi ndani hamna kitu au umeshakatika, na hapo uniambie kabla hujafanya lolote.

Wapo watakaokushauri umalizie picha kumi na tatu zilizobaki, kama mkanda ni wa picha 36, ndo uutoe. Mi sikubaliani nao kabisa. Mkanda wa miaka ishirini kwenye kabati la Tanga, lile joto na ule unyevu wa bahari, hizo zilizobaki zitatoka na ukungu na rangi mbovu, na kila ukivuta mkono unauvuta mkanda uliokwisha kukakamaa kwenye yale matundu yake ya pembeni, ukichanika katikati umejitafutia kazi. Kwa picha kumi na tatu za kujaribia? Rudisha mkanda.

Kurudisha ni hivi. Geuza kamera, chini kuna kitufe kidogo, kibonyeze kizame. Halafu ule mkono mdogo wa kushoto uzungushe kufuata mshale, polepole, yaani polepole kama unachota maji kisima ambacho hujui kina chake, usiwe na haraka. Mikono yako itasikia mkanda unakuja. Ukifika mwisho utasikia unakaza kidogo halafu ghafla unaachia, unakuwa mwepesi, hapo ndo ncha imetoka upande wa kulia. Zungusha tena mara kadhaa ili ncha iingie yote ndani ya kopo. Sasa ndo unaweza kufungua mgongo, na hata hapo fungulia mahali penye kivuli, sio uani juani.

Na kama katikati ya safari unakaza na haukubali, simama. Usilazimishe. Subiri usiku, zima taa zote, ingia ndani ya kabati au jifunike blanketi mbili nzito, hakikisha ukikaa dakika tano macho yakizoea giza bado huoni hata mkono wako, ndo ufungue kwa kupapasa, uutoe mkanda wote kwa kushika pembeni tu bila kugusa katikati, uviringishe na uufunge kwenye foili ya jikoni tabaka mbili tatu, halafu weka kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Simu iache nje ya chumba, maana hapo mtu anapiga, kioo kinawaka, kwisha habari.

Jirani anasema mkanda umekufa. Hajui. Mkanda wa rangi uliopigwa 2004 ukisafishwa leo mara nyingi picha zipo, zimepauka, zina chenga, rangi zimeelekea kwenye zambarau au kijani, vivuli vimekuwa kama moshi, ila sura ya mtu unaijua ni nani. Nimeona ya zamani zaidi ya hapo ikitoka. Nimeona pia ya karibuni ikitoka tupu, kwa hiyo siwezi kukuahidi. Joto ndo linaloua, sio miaka peke yake.

Mkanda ukishatoka, soma kopo. K1000 haina kile kidirisha mgongoni cha kuonyesha mkanda gani umo, ndo maana sahivi hatujui. Tafuta maandishi "C-41" au "Process C-41", hilo ni jina la dawa za kusafishia mkanda wa rangi, karibu mikanda yote ya rangi ya studio zetu ilikuwa hiyo, Kodak Gold, Fujicolor, Konica, Agfa, yote dawa moja. Ukikuta "E-6" hiyo ni slaidi. Ukikuta jina Kodachrome, hiyo ilikuwa na dawa zake peke yake na maabara ya mwisho duniani kuisafisha, kule Parsons, Kansas, iliacha kupokea mwisho wa 2010, siku hizi inatoka kwa dawa za nyeusi na nyeupe tu, rangi hupati. Lakini kwa baba wa Tanga wa 2004 mi naweka dau langu kwenye C-41.

Wa kusafisha sasa. Mashine za C-41 zimebaki chache, zamani kila mtaa ulikuwa na moja, leo uulize studio kubwa za mjini zilizodumu, Dar au Nairobi, na vijana wanaopiga mikanda siku hizi maana wapo na wanajuana. Usimpe mtu yeyote mkanda wa baba kabla hujampa mkanda wa majaribio. Nunua mkanda mmoja, piga chochote, kuku, bajaji, mpelekee. Ukirudi angalia negativu zenyewe, sio picha kwenye simu. Zina mistari mirefu ya kukwaruzwa? Zina madoa? Ile rangi ya chungwa imekaa sawa sawa mkanda mzima? Maana dawa ya C-41 inataka nyuzi 37.8 na dakika 3 na sekunde 15 kwenye dawa ya kwanza, na mashine inayosafisha mkanda mmoja kwa mwezi dawa yake imelala, inachoka. Akikupa kazi safi ndo umpe wa baba, na umwambie mambo matatu: ni wa zamani, kama anaweza ausafishe kwa mkono kwenye tangi asiupitishe kwenye roli za mashine, na negativu unazitaka zote. Hili la mwisho wengi linawaponza. Kuna sehemu wanaskani wanakutumia picha, negativu wanatupa! Kwako negativu ndo urithi, uiskani leo kwa simu, kesho kwa mashine nzuri, ipo.

Kama unataka usicheze bahati nasibu kabisa, kuna watu kazi yao ni mikanda ya zamani tu, kwa mfano Film Rescue International wa Kanada, wanakusanya mikanda wanaisafisha kwa mafungu, ni gharama na ni kusubiri. Ukimpa ndugu anayesafiri kwa ndege aubebe mkononi, asiuweke kwenye sanduku la kwenda chini, zile mashine za mizigo ni kali kwa mkanda, na hata zile mpya za mizigo ya mkononi zinaunguza, aombe kwa adabu ukaguliwe kwa mkono. Kwa basi la Tanga Nairobi huna shida hiyo, wewe uombe tu konda asiuweke juu ya injini.

Haya, kamera. Elfu hamsini usiuze, na sababu sio bei. Hujajua unauza nini. K1000 ilianza kutengenezwa 1976 ikaenda mpaka 1997, miaka ishirini na moja kamera ile ile, na wanafunzi wa upigaji picha Marekani wengi walianzia hapo kwa sababu haina mambo mengi. Kila kitu ni gia na springi. Betri unayoikuta chini, ya duara ndogo, LR44, hata ukikuta imekufa kamera inapiga kama kawaida, betri kazi yake ni ule mshale wa kupima mwanga tu. Ukiifungua ukakuta betri imevuja ile chumvi ya kijani, futa kwa pamba yenye siki kidogo halafu kausha vizuri. Na haina swichi ya kuzima, kwa hiyo ukimaliza vaa kifuniko cha lenzi, giza ndo swichi yake.

Mkanda ukishatoka, mgongo ukiwa wazi, ielekeze dirishani, weka spidi 1000 vuta bonyeza, uone kama mwanga unapita kama kope imepepesa. Shuka 500, 250, mpaka 1, ile ya sekunde nzima. Mara nyingi hizo za chini zinakwama kwa sababu mafuta yamekauka, pazia linafunguka halafu linabaki hapo linawaza. Ipige mara hamsini mia, zingine zinaamka zenyewe. Zisipoamka utapiga kwa 60 kwenda juu na maisha yanaendelea mpaka upate fundi. Angalia pia ile foamu nyeusi kwenye mfereji wa mlango wa nyuma na pale kioo kinapogonga juu. Ikiwa inanata kama lami ya mchana, imeoza, itapitisha mwanga. Toa yote kwa kijiti cha meno na spiriti, weka uzi wa sufu mweusi kwenye mfereji, ule wa kufumia sweta, unakaa vizuri tu. Usiache vipande vikadondoka kwenye kile kioo cha juu cha kuonea wala usikifute kwa kitambaa, kile kinakwaruzika kwa kukitazama.

Sasa lenzi. Hapa ndo penye ugonjwa wa pwani. Toa lenzi, zungusha pete ya tundu la mwanga iwe 2, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili kwa kuinamisha. Vumbi si kitu, kila lenzi ina vumbi. Unatafuta nyuzi nyembamba zinazotawanyika kama mizizi au kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Inakula ile rangi iliyopakwa kwenye kioo, na ikishakula hata ukisafisha alama inabaki. Kama ni kidogo pembeni, piga picha wala hutaona tofauti, ila ukielekea jua picha itakuwa na weupe. Kama imejaa katikati, lenzi za K, yaani zinazoingia kwenye kamera hii, za milimita 50 zipo nyingi, tafuta nyingine, wala usiweke hii yenye kuvu pamoja na hiyo mpya.

Na ule mkoba wa ngozi wa baba, najua unanukia baba, tundika ukutani, usirudishe kamera humo. Ngozi inanyonya unyevu na kuvu inaishi kwenye ngozi. Kamera iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukikusanya kumi na tano ishirini inatosha, vianike juani au kwenye kikaango cha moto mdogo kila baada ya wiki kadhaa. Hivi hivi ndo wazee wa Unguja na Lamu walivyohangaika na vitu vyao. Studio ya picha ya Capital Art pale Mji Mkongwe, Unguja, ilifunguliwa 1930, na kinachowatesa wenye picha za namna ile ni bahari ile ile inayokutesa wewe.

Kupiga unaweza, kwa nini usiweze. Nunua mkanda wa 200 au 400, inua pete ya spidi uweke hiyo namba ya mkanda, wengi wanasahau hapa halafu wanalaumu kamera. Kwa jua letu la saa tano asubuhi wala huhitaji betri: mkanda wa 200 weka spidi 250 na tundu 16, au 1000 na 8, ni kitu kile kile. Kivuli cha wazi cha mwembe fungua mpaka 5.6 kwenye hiyo 250. Flashi, spidi iwe 60, usipande juu ya hapo utapata nusu picha nyeusi.

Ila kitu kimoja nataka ukishike maana kinawaangusha watu wa kwetu zaidi ya wengine. Ule mshale wa kupima mwanga ni mjinga. Unaangalia picha nzima unachukua wastani, halafu unaamini kwamba dunia yote ni ya kijivu. Msimamishe babu mwenye kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, mshale utaona weupe mwingi utasema mwanga umezidi, ukiutii kanzu inatoka kijivu na uso wa babu unakuwa mweusi hauna macho. Hapo fungua tundu zaidi ya mshale unavyotaka, hatua moja na nusu (hatua moja ni mwanga mara mbili), mi kwa mkanda wa rangi naenda hata mbili siogopi, negativu ya rangi inavumilia kuzidishiwa mwanga kuliko kupunguziwa. Njia rahisi zaidi: sogea mpaka kiganja chako kijaze kioo chote, kiganja kiwe kwenye mwanga ule ule alioko babu, pima hapo, ongeza hatua moja, rudi nyuma upige bila kuusikiliza mshale tena. Picha za zamani za kwetu ambazo nyuso ni nyeusi tii na meno tu ndo yanaonekana, nyingi sio kosa la mkanda, ni mtu aliutii mshale.

Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha mwenyewe nyumbani baadaye, tangi moja, mfuko wa giza, dawa kama D-76 ambayo ipo tangu miaka ya 1920. Tatizo letu ni maji, vitabu vyote vinasema nyuzi 20 na bomba la Tanga linatoa kama chai ya mgonjwa, kwa hiyo unakaa na beseni la barafu. Kuna hata watu wanasafisha kwa kahawa, sio utani, kahawa ya unga ya kuyeyuka na soda ya kufulia na vitamini C, chuo cha Rochester kule Marekani walilijaribu 1995 na mpaka leo watu wanafanya, na kahawa ya bei rahisi ya robusta inafanya kazi vizuri kuliko ya bei mbaya, kwa hiyo watu wa Bukoba wamekaa vizuri. Magadi ya kuivishia maharage lakini usiweke kwa kipimo kile kile, sio soda ile ile, ni dhaifu. Haya yote ni ya mkanda wako wa kujifunzia. Wa baba usiuguse na kahawa.

Fanya leo usiku hiyo ya kuurudisha, ukiwa umetulia na mlango umefungwa. Ukishaingia kwenye kopo, weka kwenye mfuko wa plastiki uufunge vizuri, uweke kwenye friji, sio friza ya barafu, pale chini penye mboga, na uandike juu yake kwa kalamu nzito "USITUPE" maana friji ya nyumbani ina wasafishaji wengi. Kisha niandikie kila neno lililo kwenye kopo, mpaka yale maandishi madogo ya pembeni na zile namba, nijue ni mkanda gani.